Sare Zipungue, Sufuria Iwe Nzito



Sisi ni mafundi wa nguo. Tuko wawili, wifi na wifi, tuna cherehani tatu na kibanda chenye kioo kwa mbele hapa Mwanga mjini, kwenye njia ya Moshi kwenda Same. Sare za shule zinatulisha Januari na Julai. Miezi mingine yote hela yetu ya maana inatoka kwenye kicheni pati. Mkituona tunasema leo kwamba sare za kicheni pati zipungue, mjue tunasema kinyume na mfuko wetu wenyewe, na mume wa mmoja wetu ameshatuuliza kama tuna akili timamu.

Tuwaeleze ilivyoanza. Mwaka juzi tulishona sare za kina mama 40 kwa kicheni pati moja. Kitenge na ushonaji vilifika shilingi 40,000 kwa kila mtu. Pigeni hesabu: 1,600,000, na hapo hatujagusa ukumbi, mapambo, keki wala mpiga muziki. Zawadi za bibi harusi zilikuwa seti mbili za nonstiki, nyekundu na zambarau, sufuria nyembamba saba zilizopangwa kama ngazi, hotpoti tano, na ndoo na mabeseni ya plastiki ya kutosha kuanzisha duka. Meza ilijaa, watu wakapiga vigelegele, picha zikapigwa.

Haujapita mwaka, yule binti akaja dukani kwetu na frampeni kwenye mfuko. Akaitoa taratibu kama mtu anayemtolea daktari kidonda. Katikati utando ulikuwa umebanduka, bati linaonekana. Akatuuliza, "Dada zangu, hivi vijeusi vinavyobaki kwenye mayai vina madhara? Mtoto ameshaanza kula."

Sasa aibu yetu ni hii: seti ile nyekundu ilitoka kwetu. Tulikuwa tumeanza kuuza vyombo pembeni ya ushonaji, tunachukua Moshi kwa jumla, tunauza kwa mkopo wa mwezi. Tukamjibu upesi upesi, "Osha vizuri tu, hakuna tatizo." Akaondoka. Tukabaki tunatazamana, kwa sababu hatukujua kama tulichosema ni kweli. Tuliuza kitu tusichokijua, tukakitetea bila kukijua. Tulichoandika hapa ndicho tulichopaswa kumjibu siku ile.

Ule utando mweusi wa nonstiki unaitwa PTFE, wengi wanaujua kwa jina la Teflon. Uligunduliwa kwa bahati huko Marekani mwaka 1938 na mkemia Roy Plunkett, aliyekuwa akitafuta gesi ya majokofu. Kipande kidogo ukikimeza hakifanyi urafiki na mwili, kinapita na kutoka. Hilo tungeweza kumwambia yule binti apate usingizi. Tatizo liko kwingine. Kwa miaka mingi viwanda vilitumia kemikali iitwayo PFOA katika kutengeneza utando huo. Mwaka 2019 kemikali hiyo iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm ili ikomeshwe, na mwaka 2023 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa likaiweka kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Makampuni makubwa yaliiacha. Seti isiyo na jina la kiwanda, iliyofika sokoni ndani ya boksi lenye picha ya mzungu anatabasamu, nani atakuambia ilitengenezwa kwa nini?

Na liko la moto, ambalo kwetu ndilo kubwa zaidi. Utando ule ukipita nyuzi joto 260 hivi unaanza kuvunjika na kutoa moshi wenye sumu. Huko Ulaya na Marekani watu wameshapoteza ndege wa kufugwa waliokuwa jikoni, kwa sababu pafu la ndege halistahimili moshi huo. Frampeni ile ilitengenezwa kwa ajili ya jiko lenye kitufe cha kupunguza moto. Sisi tunapikia mkaa. Mkaa ukishakolea hauna kitufe. Unateleka frampeni tupu, mtoto analia, unakwenda kumwangalia, ukirudi imeshapita kiwango kitambo. Kisha tunaikoroga kwa kijiko cha chuma na kuisugua kwa mchanga. Chombo hicho hakikuumbwa kwa maisha yetu. Anayepikia gesi kwa moto mdogo, kwa mwiko wa mti, na anayeweza kukitupa kikianza kubanduka, huyo atumie. Lakini kumpa bibi harusi anayekwenda kuanza maisha na jiko la mkaa ni kumpa kitu cha mwaka mmoja.

Mtasema basi turudi kwenye sufuria za alumini, hizo ndizo tulizolelewa nazo. Hapa tunaomba msituharakishe.

Sufuria za alumini ni za aina mbili, na mama yeyote anaweza kuzitofautisha kwa mkono. Iko ile ya bati, nyembamba, laini ndani na nje, inayokunjwa na mashine kiwandani. Na iko ile ya kusubu, nene, rangi ya kijivu, ina vijishimo na mikwaruzo ya kalibu. Ya pili inapendwa kwa sababu ni nzito na haikunjiki, na hata sisi tuliamini uzito ni dalili ya ubora. Lakini ya kusubu hutengenezwa kwa kuyeyusha chakavu: vipande vya injini, rejeta, makopo, waya, chochote kilichopatikana wiki hiyo. Humo ndimo risasi inamoingilia, yaani madini ya risasi. Mwaka 2017 watafiti walitoa matokeo ya kupima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwemo. Walichemshia ndani yake maji yenye ukali wa siki ili kuona kinachotoka. Zaidi ya theluthi moja ya vyombo hivyo vilitoa risasi kwa kiasi cha kutia hofu. Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiwango chochote cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Inaharibu ubongo unaokua, na mama mjamzito akiwa nayo inamfikia aliye tumboni.

Hatuwasemi vibaya mafundi wanaosubu. Sisi wenyewe ni mafundi, tunajua mtu hufanya kazi kwa malighafi aliyonayo. Anayeletewa rejeta atayeyusha rejeta. Wenye kupima ubora wangewasaidia kupata alumini safi, wangeendelea kuuza na sisi tungenunua bila wasiwasi. Mpaka hapo, sufuria ya kusubu tunaiacha kwa kuchemshia maji ya kuoga.

Ile ya bati la kiwandani ina nafuu, lakini nayo ina adabu yake. Alumini hulindwa na utando mwembamba unaojifanya wenyewe juu yake. Vitu viwili vinaula utando huo: uchachu na magadi. Sasa fikirieni makande. Sisi Wapare tunajulikana kwa makande kabla ya kujulikana kwa majina yetu. Mahindi na maharage yanachemka saa tatu, saa nne. Ili yaive upesi tunatia magadi. Yakishaiva tunatia nyanya, na wengine ndimu. Kisha yanalala kwenye sufuria hiyo hiyo, asubuhi yanapashwa. Magadi, nyanya, saa nyingi na kulala, vyote katika chombo kimoja! Mmeshaona jinsi sufuria inavyokuwa nyeusi ndani ukitia magadi? Hapo kuna kitu kimetoka kwenye bati. Nanyi dada zetu wa visiwani msitucheke, kwa sababu mchuzi wa ukwaju na urojo wenye ndimu ni habari ile ile.

Halafu kuna kusugua. Mama mkwe wa Kipare anapima mke wa mwanawe kwa kung'aa kwa sufuria. Tunasugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa chuma cha kusugulia, mpaka sufuria ing'ae kama kioo cha gari. Kila tunapofanya hivyo tunakwangua ule utando wa kinga, na sufuria inaanza upya kutoa alumini kwenye chakula. Sufuria iliyofifia kwa ndani na ni safi iacheni ififie. Sugueni kwa nje mpaka mchoke, heshima mbele ya mama mkwe itabaki.

Na mfuko wa nailoni juu ya wali au ndizi ili zishike mvuke, tuache. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019 lakini jikoni bado tunaiona, siku hizi ni ile ya vifungashio. Plastiki hiyo haikutengenezwa kukaa juu ya mvuke. Jani la mgomba lipo, na linanukia vizuri zaidi.

Basi apikie nini mtu? Hapa ndipo tulipojifunza kwamba majibu mengine tulikuwa tumeyakalia.

La kwanza ni chungu. Wanawake wa milimani kwetu wanafinyanga kwa mikono mitupu, hawana gurudumu, wanasugua kwa jiwe la mtoni mpaka udongo unang'aa, kisha wanachoma kwa kuni na nyasi. Siku ya gulio vyungu vinashuka vimepangwa kwenye majani makavu ya migomba. Tulimwendea bibi mmoja anayeviuza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu. Mnataka cha maua?"

Alidhani tunataka cha kupandia maua, maana vijana wanaonunua siku hizi hununua kwa kazi hiyo. Tulipomwambia ni cha makande alicheka, akatuchagulia yeye mwenyewe. Aligonga kila kimoja kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kinacholia kama kengele ni kizima, kinacholia kama kibuyu kibovu kina ufa hata kama hauonekani. Akatufundisha kukikomaza: kiloweke maji usiku mzima, kikauke, kipake mafuta ndani, halafu kichemshie uji mwepesi wa mahindi kwa moto mdogo na uumwage. Unga unaingia kwenye vitundu vya udongo na kuviziba. Usikiteleke kitupu, usikimwagie maji baridi kikiwa moto. Makande yake hayahitaji magadi, kwa sababu chungu kikishapata moto hakiachi, kinaendelea kuivisha hata mkaa ukififia. Mmoja wetu alikuwa anatumia kopo zima la mkaa kwa makande ya Jumapili, siku hizi linabaki. Mnaotutania Wapare kwa ubahili, hapo sasa mtutanie kwa haki.

Tahadhari moja tu: vyungu vya mapambo, vile vilivyopakwa rangi au vinavyong'aa kama kigae cha bafuni, visipikiwe. Baadhi ya ving'arishio hivyo vina risasi. Chungu cha kupikia ni udongo mtupu, ndani na nje.

La pili ni chuma, na hapa tuna uchungu kidogo. Ugweno, huko juu tu ya mji wetu, palikuwa nchi ya wafua chuma. Profesa Isaria Kimambo, aliyeandika historia ya Wapare mwaka 1969, ameeleza habari za Washana, ukoo wa wahunzi, na jinsi chuma cha Upare kilivyouzwa hadi Uchagani. Leo wajukuu wa nchi hiyo tunanunua frampeni ya kubanduka. Lakini karibu kila nyumba bado ina kile chuma cha chapati, kizito na cheusi. Hicho ndicho frampeni bora mliyo nayo. Kikikomazwa kwa mafuta mara kwa mara mayai hayagandi, samaki wa Nyumba ya Mungu anageuka mzima mzima, na kitarithiwa na mtoto wa mtoto. Ukikiosha kikaushe papo hapo juu ya moto na ukipake mafuta, kutu haitakijia. Kama hujui frampeni dukani ni ya chuma au la, nenda na sumaku ndogo. Kwenye chuma itanasa, kwenye alumini itaanguka.

Chuma kina faida nyingine kwetu wanawake. Mwaka 1999 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa Ethiopia: watoto waliopikiwa kwenye sufuria za chuma walipata nafuu ya upungufu wa damu kuliko waliopikiwa kwenye za alumini. Nchini kwetu, utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Hatusemi mjamzito aache vidonge vya kliniki, vidonge vibaki pale pale. Tunasema mchicha ukaangwe kwenye chuma.

La tatu ni stili isiyoshika kutu. Hii ndiyo sufuria ya kila kitu: nyanya, ukwaju, maziwa, chai ya tangawizi. Ina bei, hatufichi. Ya lita nane yenye kitako kizito tumeikuta Moshi kwa 70,000, bei ya sufuria nyembamba kama saba hivi. Kitako kizito ndicho cha kuangalia, maana yenye kitako chembamba huunguza wali na mtu akaishia kuilaumu stili.

Kwa wanaooka, maneno machache. Keki ya sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, haihitaji treya ya nonstiki hata kidogo. Paka mafuta, nyunyiza unga, au weka karatasi ya kuokea. Mnaopika mkate wa kumimina mnajua zaidi yetu. Ila angalieni oveni za kuchongwa mitaani. Pipa lililowahi kubeba rangi au dawa halifai kuwa oveni hata lioshwe mara ngapi, na chakula kichachu kisikae kwenye bati lililopakwa zinki, yale mabati ya kuezekea.

Turudi kwenye kicheni pati. Hoja yetu ni ndogo: kamati ikikaa, jambo la kwanza kwenye daftari liwe vyombo, sare iwe ya mwisho. Chukueni hesabu ya ile 1,600,000. Kama kina mama 40 wangevaa vitenge walivyonavyo kabatini na nusu tu ya hela hiyo ikaenda jikoni, binti angepata sufuria tatu nzito za stili, chuma cha chapati, karai la chuma, vyungu viwili, miiko ya mti na bado ingebaki ya kununulia mtungi wa gesi. Vyombo kumi. Meza isingejaa, tunakubali. Mama mmoja wa kamati alitwambia waziwazi, "Meza ikiwa wazi watu watasema ukoo wetu ni maskini." Tunamwelewa, hatumdharau. Macho ya watu ni mzigo kweli, hasa kwa mama wa binti. Lakini macho hayo yanaondoka saa nne usiku na mtoto anabaki na frampeni. Na sisi tuliokaa nyuma ya cherehani tunaona sare hizo zinavyoishia: zinavaliwa mara moja, na baada ya miezi miwili zinarudishwa kwetu zikatwe foronya.

Tulimtafuta yule binti. Tulimpelekea chuma cha chapati na chungu, tukamwomba radhi kwa kumjibu hovyo. Mama yake hakufurahi sana, alidhani tunamwonyesha kwamba zawadi zake zilikuwa mbaya, na imetuchukua muda kusalimiana naye kama zamani. Mwezi ujao tuna kicheni pati nyingine. Kamati imekubali sare zivaliwe na mashangazi na mama wadogo tu, watu 12, wengine waje na nguo zao na hela iingie kwenye sufuria. Tumepoteza sare 28, na kodi ya kibanda haijashuka.

Seti nne za nonstiki zimebaki kwetu, chini ya meza ya kukatia. Kuziuza hatuwezi tena, kuzigawa tunaona haya, na aliyetuuzia kwa jumla hazipokei. Frampeni moja kubwa tumeitoa kwenye boksi, tunawekea vifungo na chaki.